Prosesa ipi ununue? Soma wati kabla ya gigahezi

Chukua laptopu mbili za mtumba zinazofanana sura, zote Core i5, zote za wati 15. Ya kwanza ina i5-7200U na stika ya duka inasema 2.5 GHz. Ya pili ina i5-8250U, stika inasema 1.6 GHz. Mnunuzi akiachiwa achague kwa namba hiyo tu ataondoka na ya kwanza, na atakuwa amebeba mashine dhaifu kwa mbali. Ya pili ina viini (vitengo vya kufanya hesabu ndani ya prosesa) vinne badala ya viwili, ikibanwa na kazi inapanda hadi 3.4 GHz wakati mwenzake anaishia 3.1, tena ndiyo inayokubaliwa na Windows 11. Ile ya kwanza Microsoft imeshaiacha nyuma: huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha saba (ile 7 ya mwanzo kwenye 7200U), ukiondoa chache sana, hazimo kwenye orodha ya Windows 11.

Hizo 2.5 na 1.6 si uongo wa muuzaji. Ni kasi ya msingi, yaani ile ambayo mtengenezaji anaahidi kwamba chipu itaishikilia kazi ikiwa nzito bila kuvuka wati zilizotajwa. Viini vinne vikigawana wati 15 vitaahidi kidogo kuliko viini viwili vinavyogawana wati hizohizo. Namba imeshuka, kazi imepanda.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta laptopu ya kazi, ya chuo au ya biashara ndogo, mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, chumba kina joto, na hela ya kununua mara mbili haipo. Nimezipanga chaguo kuanzia ile ambayo ningemnunulia mdogo wangu hadi ile ambayo nisingemruhusu aiguse. Bei sitaji, kwa sababu dola ikipanda jioni bei ya dukani imeshapanda asubuhi. Nitasema tu ipi ni ghali kuliko ipi.

Namba kubwa ilivyowaponza wenyewe

Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Namba hiyo haikuambii kila pigo linafanya kazi kiasi gani. Bajaji inaweza kwenda na kurudi Mbagala mara nyingi kuliko basi, lakini mwisho wa siku hesabu abiria waliofika, kisha hesabu mafuta yaliyochomwa. Gigahezi ni idadi ya safari tu. Mafuta ndiyo wati, na muuzaji hazitaji kabisa.

Watengenezaji wenyewe walilipia somo hili. Intel ilitoa Pentium 4 Novemba 2000, ikianzia 1.4 na 1.5 GHz, na ilikuwa imesukwa makusudi ili ikimbilie juu. Kila amri ilikatwakatwa katika hatua 20 ndogondogo, na toleo la 2004, Prescott, likafika hatua 31. Hatua zikiwa fupi, mapigo yanaweza kuharakishwa. Shida inakuja pale prosesa inapobashiri vibaya njia ambayo programu itafuata: kila kilichokuwa njiani kinamwagwa na safari inaanza upya, na njia ikiwa ndefu hasara ni kubwa.

AMD, mshindani wa Intel, ilikuwa na Athlon XP, chipu ya mapigo machache yenye kazi zaidi kwa kila pigo. Dukani ilionekana mnyonge, maana mteja akiona 1.53 GHz pembeni ya 1.8 anajua pa kwenda. Mwaka 2001 AMD ikaacha kuipa chipu jina la gigahezi zake. Ile ya 1.53 GHz ikaitwa 1800+, na mnunuzi akaachwa akisie mia kumi na nane za nini.

Intel nayo ilikuwa imeahidi Pentium 4 ya 4 GHz. Oktoba 2004 ikaifuta. Craig Barrett, mtendaji mkuu, alipiga magoti jukwaani kwenye mkutano wa kampuni ya utafiti ya Gartner kuomba radhi. Ulikuwa utani, lakini magoti aliyapiga. Pentium 4 ikakwama 3.8 GHz, matoleo ya juu yakiwa ya wati 115. Kumbe timu ya Intel ya Haifa, Israel, ilikuwa imeshatoa Pentium M mwaka 2003 kwa ajili ya laptopu: 1.6 GHz, wati 24.5, na ilikuwa ikisumbua Pentium 4 za zaidi ya 2 GHz. Njia ya Haifa ndiyo iliyozaa Core 2 Duo ya 2006, na jina Core limedumu hadi leo.

Ungedhani AMD, iliyowacheka wenzake, ingekumbuka. Mwaka 2013 ikaleta FX-9590, ikiitangaza kuwa prosesa ya kwanza ya kibiashara yenye 5 GHz. Ilikuwa ya wati 220. Core i7-4770K ya mwaka huohuo, yenye 3.5 hadi 3.9 GHz na wati 84, ikaipita kwenye michezo na programu nyingi za kawaida.

Sababu iko kwenye fizikia, si kwenye nembo. Wati zinazoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, ila hupanda kwa mraba wa volti, na kasi ya juu hudai volti zaidi. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na ikakubidi uongeze volti nayo kwa asilimia 10, wati zinaongezeka kwa asilimia 33. Umepata sehemu moja ya kumi ya kasi, umelipa theluthi moja ya umeme, na yote hiyo inageuka joto ambalo feni lazima ilitoe.

Na joto la kwetu lina hesabu yake. Prosesa nyingi za Intel za laptopu hujizuia zikigusa nyuzi 100. Mtu anayezipima Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 22 ana nafasi ya nyuzi 78 kati ya hewa na kikomo. Wewe uko Tanga au Mombasa, chumba kina nyuzi 34, umebakiwa na 66. Feni ileile na chuma kilekile vitatoa joto pungufu kwa takriban asilimia 15, na hapo sijahesabu vumbi. Kwa hiyo chipu inayotegemea kupanda juu sana ili ionekane ya haraka ndiyo itakayopoteza zaidi ikishuka bandarini.

1. Ryzen 5 PRO 4650U au 5650U, laptopu ya ofisi iliyotumika

Hapa ndipo hela ya mtu wa kawaida inapofanya kazi zaidi, na ndipo ubishi wa gigahezi unapoonekana waziwazi. HP ilitengeneza EliteBook ya mwaka 2020 kwa sura mbili zinazofanana. 840 G7 ni ya Intel, mara nyingi i5-10310U. 845 G7 ni ya AMD, mara nyingi Ryzen 5 PRO 4650U. Ukisoma karatasi, Intel inafika 4.4 GHz na AMD inaishia 4.0. Mshindi kwa namba ni Intel.

Sasa tazama ndani. Intel ina viini vinne, na bado ilikuwa ikichongwa kwa teknolojia ya nanomita 14. AMD ina viini sita vinavyobeba kazi 12 kwa pamoja, vimechongwa Taiwan na kampuni ya TSMC kwa nanomita 7, na hapa namba ndogo ndiyo bora. Zote ni za wati 15. Ile 4.4 GHz ya Intel ni ya kiini kimoja kwa muda mfupi. Ukifungua kazi za kweli, yaani vichupo ishirini vya kivinjari, Excel yenye hesabu za mwezi mzima na mkutano wa video juu yake, viini vyote vinaamka, kasi inateremka, na hapo viini sita vyenye njaa ndogo vinashinda vinne vyenye njaa kubwa.

Toleo la mwaka uliofuata, 845 G8 yenye 5650U, ni bora zaidi. Limebaki na viini sita na wati zilezile, lakini muundo ni mpya zaidi, Zen 3, na kila pigo linafanya kazi zaidi. Kwa Lenovo tafuta ThinkPad T14 ya AMD, toleo la kwanza au la pili. Angalia RAM, yaani kumbukumbu ya kazi: T14 ina kipande kimoja kilichochomelewa kwenye bodi na nafasi moja ya kuongeza, ilhali 845 ina nafasi mbili, kwa hiyo fundi yeyote anaweza kukuongezea.

Kwa EliteBook za HP kuna njia rahisi ya kuzitofautisha kwa mbali: namba ya modeli ikiishia na 5 ni AMD, ikiishia na 0 ni Intel. Wateja wengi bado wanauliza "ni i ngapi hiyo?" na wakisikia Ryzen wanarudisha mkono. Tumia hilo kwenye kupatana bei.

2. MacBook Air M1

Tukizungumzia kazi kwa kila wati peke yake, hii ingekuwa ya kwanza. Apple iliitoa Novemba 2020. Prosesa yake inapiga 3.2 GHz, namba ambayo Pentium 4 ilishaivuka kabla wanafunzi wengi wa chuo wa leo hawajazaliwa, na haina feni kabisa. Kwa betri ya wati-saa 49.9 (kipimo cha umeme ambao betri inabeba) Apple wanaitaja kwa saa 15 za kuvinjari mtandao. Hata ukipunguza theluthi kwa ajili ya uzee wa betri, umemaliza siku ya kazi.

Siri si uchawi. Viini vyake vinne vikubwa vinafungua amri nane kwa pigo moja, ambapo Zen 3 ya AMD inafungua nne. Mtu anayefanya mengi kwa kila pigo hahitaji kukimbia, na asiyekimbia hahitaji volti nyingi. Pembeni kuna viini vingine vinne vidogo kwa kazi ndogondogo, ili vile vikubwa vilale.

Nimeiweka ya pili kwa sababu za mtaani. RAM yake haiongezeki: uliyonunua nayo ndiyo utakayokufa nayo, na GB 8 inaanza kubana. Diski nayo imechomelewa. Ikifa bodi, fundi wa kawaida atakuangalia tu. Programu nyingi za uhasibu zinazotumika kwenye ofisi zetu ni za Windows. Na zaidi ya yote, MacBook za mtumba huja zikiwa zimefungwa na akaunti ya mwenye mali wa zamani au na kampuni aliyokuwa akifanyia kazi. Usilipe kabla hujaiona ikifutwa kila kitu mbele yako, ikaunganishwa na intaneti na kuanzishwa upya bila kudai nywila ya mtu mwingine. Muuzaji akisema "hiyo tutaitoa baadaye", mwache nayo.

MacBook ya Intel usinunue kwa bei yoyote inayokaribia hii. Apple imeshatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel.

3. Core i5 ya kizazi cha nane

Hii ndiyo sakafu. Chini ya hapa usishuke kama unataka Windows 11 bila ujanja. i5-8250U na i5-8350U zimejaa sokoni ndani ya ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na EliteBook 840 G5, na kwa kuandika, hesabu, mtandao na darasa la mtandaoni bado zinatosha.

Katika kundi hilo T480 ina jambo moja linalowafaa wanaoishi na mgao wa umeme: betri mbili. Moja iko ndani, nyingine inachomolewa kwa nyuma. Unaweza kuchomoa ile ya nje ikiwa imeisha na kuweka nyingine iliyojaa huku mashine ikiendelea kuwaka kwa ile ya ndani. Betri kubwa ya nje ya T480 ni ya wati-saa 72, na ukijumlisha 24 za ndani unapata 96, karibu mara mbili ya MacBook Air. Prosesa yake si hodari wa kubana matumizi kama M1, lakini tenki kubwa nalo ni jibu. Itakuwa nzito begani, sikufichi.

4. Mpya ya dukani: i5-1335U, au Ryzen 5 7530U

Kuna mtu hataki mtumba, anataka boksi na waranti. Sawa. Hapa ndipo majina yanapoanza kucheza shere.

i5-1235U na 1335U zina viini kumi, viwili vikubwa na vinane vidogo. Kwenye karatasi zimeandikwa wati 15, lakini karatasi hiyohiyo, ukisoma chini, inataja wati 55 kama kilele. Intel huiachia chipu ipande kwa muda mfupi kisha irudi kwenye wati zake; kwa mpangilio wa kawaida wa laptopu za namna hii ni sekunde 28, ingawa kila mtengenezaji hurekebisha apendavyo. Ndiyo maana dukani inafungua kila kitu kama umeme, na nyumbani ukihamisha video ya nusu saa feni inapiga kelele na kasi inashuka. Si mbovu. Ielewe tu kwamba ile 4.6 GHz iliyoandikwa kwenye 1335U ni ya mbio fupi. Boksi likiandikwa Core 5 120U bila neno Ultra, jua ni ndugu wa damu wa 1335U aliyebadilishiwa jina.

AMD wao mtego wameuweka kwenye tarakimu. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7530U zinaonekana kama ndugu wawili waliopishana kidogo. Tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja muundo: 2 ni Zen 2 ya zamani, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4. 7520U ina viini vinne vya muundo wa 2019 na RAM yake daima imechomelewa. 7530U ina viini sita vya muundo mpya zaidi. Na tazama gigahezi zao za msingi: ile dhaifu imeandikwa 2.8, ile yenye nguvu 2.0. Ukinunua kwa gigahezi umeingia mkenge tena, safari hii kwa bidhaa mpya yenye waranti.

Kati ya 1335U na 7530U mimi ningechukua ile inayokuja na GB 16 za RAM. Tofauti ya prosesa hutaihisi kama utakavyohisi RAM.

5. Wenye uwezo: MacBook Air M4, Core Ultra 200V

Apple ilitoa Air ya M4 Machi 2025, ikianzia GB 16. Intel Septemba 2024 ilitoa Core Ultra 200V, na hapo ilifanya mambo mawili ambayo miaka ya Pentium 4 yangeonekana kashfa: vipande vikuu vya prosesa ilimpa TSMC achonge, na iliacha ule ujanja wa kiini kimoja kubeba kazi mbili ili kuokoa wati. RAM imo ndani ya kifurushi cha prosesa, GB 16 au 32, hakuna kuongeza. Betri zake hatimaye zinashindana na Apple. Zimekaa namba tano kwa sababu ya bei peke yake, maana kwa hela ya moja unapata mbili za namba moja na chenji ya printa.

6. Intel N100

Wati 6, viini vinne vidogo, hadi 3.4 GHz. Kwa duka la dawa linalotunza mauzo, kwa stoo, kwa nyumba inayoendeshwa na sola, inatosha na inakula kidogo mno. Usiifanyie uhariri wa video. Na usiichanganye na Celeron N4020, ambayo nayo ni ya wati 6 lakini ina viini viwili tu vya kizazi cha nyuma.

7. Snapdragon X

Qualcomm waliingia katikati ya 2024 na laptopu za Windows zenye betri nzuri kweli. Nimeziweka chini kwa sababu moja: ni za ARM, aina ya prosesa inayotumia lugha tofauti na ile ya Intel na AMD. Programu za kawaida za Windows huendeshwa kupitia mkalimani, na nyingi zinakubali. Draiva, yaani programu zinazoiunganisha kompyuta na vifaa, hazikubali, lazima ziwe zimeandikwa kwa ajili ya ARM. Kama una printa ya risiti ya zamani, mashine ya EFD (ya risiti za kodi) au kisoma alama za vidole, uliza kwanza, na uoneshwe ikifanya kazi, si kuambiwa.

Za kupita mbali

Core i7 ya kizazi cha nne. Ukisikia "i7 kwa bei ya i5", geuza mashine usome namba kamili. i7-4600U ni ya 2013, ina viini viwili, na i5-8250U ya kizazi cha nane inaipita. Stika ya pembeni mwa kibodi haithibitishi chochote, hubandikwa na kubanduliwa. Fungua taarifa za mfumo ndani ya Windows usome jina lenyewe.

EliteBook 840 G3 na Latitude 7480, zile za kizazi cha sita na cha saba, ni imara na zimejaa kila kona. Mwaka 2020 ningekusifia. Leo zinabaki kwa mtu atakayeweka Linux.

Celeron N4020 na Athlon Silver 3050U zenye GB 4 za RAM: mwanafunzi ataichukia kompyuta maisha yake yote.

Na prosesa zenye H mwishoni, za wati 45, si mbaya hata kidogo, ila si za mtu anayetaka betri. Tarajia zikae kwenye soketi.

Neno kwa wacheza gemu

Kwenye kompyuta za mezani ubishi wa gigahezi bado unawaka. Machi 2024 Intel iliuza i9-14900KS kwa 6.2 GHz, ikiruhusiwa hadi wati 253 kwa mpangilio wa kawaida. Mwaka mmoja kabla, AMD walikuwa wametoa Ryzen 7 7800X3D: 5.0 GHz, wati 120, lakini ina kumbukumbu ya akiba (cache) ya MB 96, ambapo MB 64 zimebandikwa juu ya chipu yenyewe. Kwenye michezo mingi hiyo ya 5.0 ndiyo iliyokuwa ikiongoza, kwa sababu prosesa inayopata data yake jirani haikai ikisubiri RAM.

Ukikuta i9-13900K au 14900K ya mtumba kwa bei ya kuvutia, tulia. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba chipu za mezani za vizazi hivyo viwili zilikuwa zikidhoofika kwa sababu ya volti iliyozidi, ikatoa masasisho na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Sasisho huzuia uharibifu mpya. Chipu iliyokwisha kudhoofika haiponi. Laptopu, kwa maelezo ya Intel, hazikuguswa na tatizo hilo.

Kwenye kaunta, kabla ya kutoa hela

Nenda na flashi yenye Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, ni bure. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Kaka, naomba niitese kidogo," wengi hawakatai. Chomoa chaja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu inayoonesha prosesa. Kasi ya sasa inaandikwa hapo kwa GHz na inabadilika mbele ya macho yako. Anzisha Cinebench kwa viini vyote uiache dakika kumi.

Dakika ya kwanza utaona namba ya kujivunia, labda 3.2. Puuza. Subiri ya tano. Kwa i5-8250U iliyo safi ikitulia juu ya 2 GHz ni sawa, maana bado iko juu ya ile 1.6 iliyoahidiwa. Ikishuka chini ya 1.6 na ubavu unaunguza mkono, feni imejaa vumbi au dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na chuma imekauka. Hilo si kosa la Intel wala AMD, na fundi analimaliza kwa nusu saa, lakini lipunguzwe kwenye bei. Irudie huku chaja ikiwa imechomekwa. Kama kasi inapanda sana kwa chaja na kuanguka ikichomolewa, kwanza tazama mpangilio wa kubana betri. Ukiwa sawa, betri yenyewe imechoka na haiwezi kutoa wati zinazotakiwa.

Kisha betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Windows inaandika ripoti na kukuonesha ilipoihifadhi. Tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaojaza sasa. Ikiwa ya kwanza ni mWh 50,000 na ya pili 31,000 (mWh elfu moja ni wati-saa moja), imebaki asilimia 62. Gawanya: wati-saa 31 kwa matumizi ya wati 7, ambayo ni ya kawaida kwa kuandika na kuvinjari, ni saa nne na nusu kasoro. Mashine hiyohiyo ikila wati 12 umebakiwa na saa mbili na nusu. Muuzaji aliyekuambia saa nane alisoma tangazo la kiwandani.

Tazama pia chaja unayopewa. Mashine nyingi nilizotaja hapo juu huchajiwa kwa USB-C na hudai wati 45 au 65. Chaja ya bandia iliyoandikwa 65 inayotoa 30 itaifanya prosesa ijibane hata mashine ikiwa kwenye soketi, na utaanza kulaumu Ryzen. Windows mara nyingi hutoa onyo la chaja dhaifu pembeni chini ya skrini. Lisomwe dukani, si nyumbani. Na kama muuzaji hataki mashine yake iendeshwe dakika kumi bila chaja, mtaa huohuo una maduka mengine.